Namna ya Kuishi Jahazini Bila Kwenda Popote

Kwanza, liondoe tanga akilini. Tanga ni la wapiga picha wa Forodhani jua linapotua. Jahazi lililopakia mbao Dar es Salaam huvuka hadi Unguja kwa usiku mmoja hivi, upepo ukiridhia. Likishafika bandari ya Malindi hukaa siku kadhaa likingoja wachukuzi, likingoja karatasi, likingoja maji, likingoja upepo, na likimngoja nahodha aliyekwenda kumjulia hali shangazi yake Makunduchi. Piga hesabu mwenyewe. Ubaharia kwa sehemu kubwa ni kukaa, na kukaa hakuna anayekufundisha.

Wala si jambo la leo. Alan Villiers, Mwaustralia aliyesafiri kutoka Aden na nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi wa Kuwait, akafika Unguja mwaka 1939 na kisha delta ya Rufiji kupakia boriti, aliandika kitabu kizima kuhusu safari hiyo. Watu hukisoma kwa ajili ya mawimbi. Mimi nakishauri kwa ajili ya zile kurasa ambazo chombo kimetia nanga na watu wake wanauziana vikorokoro.

Haya, nanga. Mahali pa kuitia hutachagua. Utaingia taratibu ukitafuta uwazi, na ukishauona, mabaharia wa vyombo vyote vya jirani watasimama na kukuonyesha kwa mikono kwamba uwazi hasa uko kule, kwa wenzao. Tia hapohapo. Watakaa chini.

Vitabu vya ubaharia husema amari ya kamba iwe na urefu mara tano hadi saba ya kina cha maji. Ni ushauri mzuri sana kwa mtu aliye peke yake. Malindi, amari ya namna hiyo itakuamsha ukiwa umelalia kifua cha jirani wa tatu. Tena siku za bamvua maji ya Unguja hupanda na kushuka karibu mita 4, kwa hiyo amari iliyotosha maji yakiwa yamekupwa ni fupi yakijaa, na iliyotosha yakijaa ni ndefu yakipwa. Suluhisho linalokubalika na wote ni kuifupisha, kumwomba Mungu, na kufunga kamba ya pili kwenye chombo cha jirani bila kumuuliza. Jirani ataamka, ataikuta, atalikagua fundo, kisha atafunga ya kwake juu yake. Vikifika vyombo sita mmekuwa mtaa, na mtaa una maneno.

Maneno yenyewe huanza maji yanapogeuka. Chombo kilichojaa saruji hufuata mkondo. Kilicho kitupu hufuata upepo. Wawili hao, waliolala kwa amani omo kwa tezi, watazunguka kila mmoja kwa njia yake hadi wapigane mbavu. Hapo mtu atapaza sauti, “Legeza hiyo!” Kamba ziko kumi na moja, na zote zitalegezwa. Baada ya hapo atafutwe mwenye makosa, ambaye kwa kawaida ni baharia mdogo kuliko wote aliyekuwepo, hata kama alikuwa anaosha vyombo vya chai.

Sasa tuje kwenye jambo zito, nalo ni kwenda nchi kavu. Ukiwa jahazi la nne kutoka gatini una majahazi matatu ya kuvuka, yaani nyumba tatu za watu. Vua viatu. Piga hodi hata kama unaona kwa macho yako kwamba hakuna mlango wala ukuta. Msalimie nahodha kwanza, awe macho au amelala, halafu mpishi, maana mpishi ndiye mwenye habari. Usipite mbele ya anayeswali, usiruke miguu ya anayesinzia, na usichungulie sufuria. Ukikaribishwa chakula sema, “Alhamdulillahi, nimeshiba, ami.” Ukikaribishwa mara ya pili, kaa ule. Ukikataa mara ya pili utakuwa umetangaza kwamba mpishi wa chombo chenu ni bora, na habari hiyo itafika kwenu kabla yako.

Njiani kurudi ndiko kwenye mtihani. Chombo cha kwanza kitakuuliza umenunua nini, cha pili umenunua kiasi gani, na cha tatu kitakwambia ungepata kwa nusu ya bei Darajani. Ukichelewa usiku utaulizwa na vyote vitatu ulikokuwa. Toa jibu moja. Wao watakutana asubuhi kulinganisha.

Jiko ni sanduku la mbao lililojazwa mchanga, na juu yake seredani. Ukikumbuka kwamba chombo kizima ni mbao zilizonyweshwa mafuta ya papa kwa miaka, utaelewa kwa nini mpishi ndiye mtu pekee ambaye nahodha hamkaripii akiwa kazini. Choo nacho ni kijisanduku kilichoning'inizwa nje ya tezi. Mkiwa katikati ya bahari ni mahali pazuri pa kutafakari. Bandarini, chini yake pana omo ya jirani, na juu ya omo hiyo jirani anakunywa chai. Adabu inataka wewe ukohoe kabla ya kupanda, naye akumbuke ghafla kazi aliyoiacha upande wa pili. Maji yakiwa yamekupwa usipande kabisa. Nenda msikitini.

Kuhusu kupwa huko, ukiwa umesogea upande wa Funguni ujue kwamba bahari itakuacha juu ya matope. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano, asubuhi na tena usiku. Nani aliyepanga bahari iondoke saa ileile watu wanapotandika mikeka sijui, ila pa kukatia rufaa hapapo. Kwa hiyo simamisha magadi mapema, zile nguzo za kukizuia chombo kisianguke ubavu, na uzisimamishe pande zote mbili. Nasema hivi kwa sababu kuna mabaharia ambao huweka gadi nzima upande wa mkeka wao na ile yenye ufa upande wa wengine.

Chombo kikiinama, usishindane nacho. Lala kichwa kikiwa juu. Nazi, vitunguu na madumu vitahamia upande mmoja na kuzama katika maji ya ngama, viache. Mnamo saa saba au saa nane za usiku maji yatarudi, mbao zitaguna, chombo kitanyanyuka, na vitunguu vitarudi vyenyewe vilikotoka, vikipitia mgongoni mwako. Kesho yake yote hayo yatachelewa kama dakika 50, basi usiseme hukupewa nafasi ya kujiandaa.

Kupwa kwa asubuhi ni kubaya zaidi, kwa kuwa kuna kazi. Tumbo la chombo liko wazi: magamba yanataka kukwanguliwa, na nyufa kati ya mbao zinataka kukalafatiwa kwa pamba na mafuta. Anza omoni, polepole, kwa uangalifu mkubwa. Ukifika katikati maji yatakuwa yamefika magotini, na hakuna sarahangi anayeweza kuilaumu bahari.

Usiku washa taa. Kanuni za kimataifa za mwaka 1972 za kuzuia migongano baharini zinataka chombo kilichotia nanga kionyeshe taa nyeupe inayoonekana pande zote. Utaonekana vizuri sana, na kila asiye na taa atajua pa kuazima. Kabla ya kulala chagua alama mbili za nchi kavu zilizo mstari mmoja. Zikianza kuachana, nanga yako inaburura. Minara Miwili ya kanisa inafaa. Mnara wa saa wa Beit el Ajaib ulifaa pia hadi Desemba 2020 ulipoporomoka, na tangu hapo sishauri alama yoyote iliyo kwenye ukarabati. Usichague mlingoti wa jirani: naye anaburura, na kusi likiwa zuri mtafika Pemba pamoja mkiwa mmetulia kabisa.

Boti ya kasi ya Dar ikiingia, shika birika kwanza. Watu watajishika wenyewe.

Kisha siku itafika, mzigo umepakiwa, karatasi zimepigwa mihuri yote pamoja na ule wa ofisi iliyokuwa imefungwa, maji yamejaa, na nahodha amerudi na salamu za shangazi. Mtavuta amari kwa “haya, haya!” nayo itakuja kidogo, kisha itakataa. Nanga yenu iko chini ya nanga ya jirani. Jirani, mtaambiwa na mpishi wake, amekwenda Mkoani kuoa, na fungate ndiyo kwanza limeanza.