Mchawi wa Levo ya Tatu

Jumamosi moja mvua ilikuwa inashuka kutoka mlima Bondwa, na mpwa wangu anayesoma chuo kikuu cha SUA amepungukiwa mtu. "Mjomba, kaa hapa, tunacheza Dungeons & Dragons." Kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo mjomba ndiye mwenye kauli. Siku hiyo kauli ilikuwa ya mwenye bando. Nikakaa.

Mchezo huo ulianza kuuzwa Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Mmoja anasimulia, wengine wanakuwa watu ndani ya kisa, na dadu ya nyuso 20 inaamua umeua au umeuawa. Ni hadithi za bibi zilezile, ila humu sungura anaweza kufa. Dadu ya namna hiyo sijaiona soko la Chifu Kingalu. Vijana wanairusha ndani ya simu. Sheria nazo wamezipakua bure, maana Januari 2023 wenye mchezo waliruhusu sheria za msingi zitumiwe na yeyote.

Mwenzao mmoja alikuwa kwao Mgeta, anacheza kwa ujumbe wa sauti. Mtandao wa kule mpaka apande juu ya jiwe. Joka limeshammeza, tumeshagawana upanga wake, ndipo sauti inaingia: "Nakimbia!"

Nikaambiwa nichague kazi. Shujaa alishachukuliwa, mwizi sikutaka kwa umri wangu, nikawa mchawi. "Mjulishe wa Mgeta, Mjomba." Miwani nimeiacha chumbani. Nikabonyeza, nikakohoa, nikatoa sauti nzito: "Mimi ni mchawi wa levo ya tatu. Usiku huu tunaingia pangoni. Mlinzi namuua mimi, wewe beba maiti."

Ikaenda kwenye grupu la ukoo. Watu 84, kuanzia Kinole mpaka Dar es Salaam.

Mpwa ndiye aliyeisikia kwanza, maana naye yumo. "Futa kwa wote!" Nikafuta kwangu. Ujumbe ukatoweka kwenye simu yangu tu, wale 83 wakabaki nao. Nikiwa bado naomba msaada, simu ikazima. Umeme nao ulikuwa umekatika tangu mchana. Simu za vijana zikafuata, moja baada ya nyingine. Tukaandika namba 1 mpaka 20 kwenye vipande vya daftari, tukavitia kwenye kofia yangu, tukacheza kwa mshumaa mpaka saa sita usiku. Nakiri sijawahi kufurahi vile.

Asubuhi nikachaji. Binamu wa Dar aliuliza levo ya kwanza na ya pili nilisomea wapi. Shemeji alijitoa kwenye grupu. Bibi wa Kinole, asiyependa kuandika, alituma sauti: "Mwanangu, ukoo wetu hauna uchawi. Huo umetoka kwa baba yako."

Kwenye kikao cha ukoo nilijieleza kwa dakika 40. Jumamosi hii tunacheza tena, na mimi sasa ni mpiga upinde.