Nani Kaua Mishahara?
Jana mchana mhasibu mkuu kanisimamisha kantini, sahani ya wali maharage mkononi, akauliza kwa sauti ya kufika jikoni: "Wewe ndiye uliyeua mishahara?" Vijiko vikasimama. Hata mama lishe aliacha kupakua ili anitazame vizuri.

Aliyeua ni Linux, tena kwa kufuata kanuni. Seva zote kuukuu za kampuni tumezihamishia kwenye mashine moja yenye Debian, kila moja ikawa seva pepe chini ya KVM, kitu kilichomo kwenye kerneli ya Linux tangu 2007. Utamu uko hapa, ingawa nikianza kueleza watu huangalia saa. Kila seva pepe hujiona ina kompyuta yake peke yake, kumbe kwa Linux ni programu tu kama nyingine. Na Linux ina ukarimu wa hatari: ukiiomba RAM inakuahidi hata isiyokuwa nayo, kwa kuwa waombaji wengi hawatumii chote walichoomba. Ni kamati ya harusi iliyogawa kadi kuliko viti. Siku wageni wote wakitokea, kerneli haiombi radhi. Inamwamsha muuaji anayeishi humo humo ndani. Huyo hupitia programu zote, kila moja anaipa alama kadiri ya RAM iliyokalia, na inayoongoza inakufa papo hapo, bila hata nafasi ya kuhifadhi kazi. Akili ile naipenda, Mungu anisamehe: mnene mmoja akiondoka, wengine wote wanapumua.

Sasa mwisho wa mwezi, mnene ni nani kama si seva ya mishahara? Kinga ipo, unampa alama ya -1000 haguswi. Ila ukimkinga yeye, anayefuata kwa unene ni barua pepe za mkurugenzi.

RAM niliiomba kwa maandishi. Nikajibiwa, "Si mlisema Linux ni bure?" Fedha za leseni tulizoacha kulipia zimenunua viyoyozi vya ghorofa ya wakubwa, chumba cha seva kina feni. Na kwa kazi ya usiku kucha ya kuhamisha seva, fomu yangu ya saa za ziada imerudi imeandikwa "mafunzo".

Printa ya masjala inatoa karatasi nyeupe tangu tuhame.

Mlinzi kachomoa waya achaji simu.

Jumatatu tunaanza na seva za tawi la Mwanza.