Bambo la Kuchomea Watu

Tangu walipokuja wale vijana wa semina na karatasi zao za kubandika ukutani, hapa kijijini Hanga hakukaliki. Walitukusanya, wakatugawia soda na daftari, wakatuambia kwamba mtu hapigi hatua maishani mpaka awe na watu anaowaamini, awaendee, awaulize bila kuzunguka: mimi nina kasoro gani? Soda tulikunywa, madaftari watoto wameyachora magari, ila lile neno limekaa. Sasa huwezi kujikalia barazani ukamenya karanga zako kwa amani. Mtu anakuja, anavuta kigoda, anashusha pumzi ndefu, halafu: "Mzee, naomba ushauri wako wa kweli kabisa. Usinifiche."

Siku hizi natazama kwanza amekuja na nini. Jirani yangu alikuja kuomba ushauri wa kweli kabisa kama auze mahindi yote anunue pikipiki ya biashara, au asubiri bei. Nikamfungulia darasa. Nikamweleza habari ya mafuta, habari ya vijana wanaopewa chombo wakaleta hesabu siku mbili na ya tatu wakaleta sababu, habari ya njia zetu za ndani masika yanapokolea. Alikuwa anaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi bora. Alipoaga nikamsindikiza mpaka njiani, nikaikuta pikipiki imeegeshwa chini ya mwembe, kiti bado kina nailoni yake ya dukani.

Huyo hakufuata ushauri, alifuata mtu wa kugawana naye lawama. Na wengi ndio hivyo hivyo. Posa imeshapelekwa, barua imeshajibiwa, ndipo unaulizwa binti unamwonaje. Ukisema ukweli, umekuwa mchawi wa ndoa. Ukisifia, mwaka ukipita na ukweni kukichafuka anakuja yule yule: "Mzee, mbona hukuniambia?"

Basi nami nikaona nisiwe mtu wa kusema wenzangu tu, ngoja niulize habari zangu. Nikaanza na mama watoto, maana kama kuna mtu anazijua kasoro zangu kwa majina na tarehe, ni yeye. Nilimkuta anachambua mboga. Hakuinua uso.

"Unauliza kweli, au unauliza tu?"

Nikamwambia nauliza kweli.

"Basi ngoja nimalize mboga."

Mboga ikaisha, ikaungwa, ugali ukasongwa, tukala, vyombo vikaoshwa. Nilikaa nimejiandaa kama mtu anayesubiri sindano. Aliponigeukia hatimaye, aliniuliza kama nimefunga banda la kuku. Swali langu liko pale pale mpaka leo.

Nikamwendea shemeji. Shemeji alifikiri sana, akatazama paa, akasema, "Shemeji, mimi na wewe hatufichani. Kasoro yako ni moja tu, una huruma mno. Watu watakutumia." Ningefurahi, ila huyu shemeji ana deni langu la mahindi tangu msimu uliopita, na huruma anayoisema ndiyo anayoishi kwayo. Rafiki yangu wa siku nyingi yeye alisema kasoro yangu ni kufanya kazi kupita kiasi. Nilikuwa nimelala alipofika.

Kuna watakaosema nenda kilabuni, huko ukweli unasemwa bila kuombwa. Ni kweli, unasemwa. Lakini kangara ina ratiba yake. Mwanzoni watu wote ni wapole na wana adabu. Katikati unapata ukweli ulionyooka kwa muda mfupi sana, pengine usikie nusu yake kwa sababu ya redio. Baada ya hapo unaambiwa na mambo ya marehemu babu yako. Asubuhi ukimwendea mtu akufafanulie lile la jana, anakuapia hakuwepo.

Lakini siwalaumu. Kijijini mtu ukimpa ukweli wake, lazima uendelee kuishi naye, na mahali pa kukutana naye ni pengi mno. Mwambie mwenzako kwamba kukopa anajua ila kulipa hajui. Katikati ya wiki mko pamoja kwenye kikoba na yeye ndiye mdhamini wako, Jumamosi mko kwenye jumuiya nyumbani kwake, Jumapili padri anasema mtakiane amani. Amani ipi? Mimi mwenyewe kijana mmoja wa kwaya alinijia, macho yanamng'aa, akataka nimwambie kwa dhati sauti yake ikoje. Sauti ya kijana yule mbuzi wakiisikia wanageuza vichwa kumtafuta mwenzao. Nikamwambia aendelee hivyo hivyo, asikate tamaa. Baba yake ndiye mwenye mashine ya kusaga. Mlitaka nikasage wapi?

Mwalimu Nyerere alilijua tatizo hili. Mwaka 1962 alitoa kijitabu akakiita Tujisahihishe, akiwahimiza wana-TANU wakosoane waziwazi. Angalia ujanja wake hata kwenye jina: tujisahihishe, sote, kwa mkupuo. Hakusema jirani amsahihishe jirani. Chama kikikosolewa, hakuna anayelala njaa kwa kukosa wa kumsagia.

Mimi nasema mtu wa kukupa ukweli ni yule asiye na shemeji hapa. Nenda kwenye kituo cha kununulia mahindi wakati wa msimu ukajionee. Mkulima analeta magunia, ameyapanga vizuri, mdomoni kaweka punje kavu nyeupe zinazolia kama kokoto. Ya katikati anayajua mwenyewe. Yalivunwa mapema, ada za shule zilikuwa zinapiga hodi. Anamsogelea karani, anamwita mwanangu, anamuulizia wazazi. Karani ni kijana wa kuja, hajui huyu ni mzee wa kanisa wala kwamba alikuwa mwenyekiti wa kitongoji. Anachukua bambo lake, kile chuma cha mrija chenye ncha, anachoma gunia ubavuni, chini kabisa, mahali ambapo hakuna aliyetegemea paguswe. Punje zinateremka kwenye mrija mpaka kiganjani. Anazitia kwenye mashine ya kupima unyevu. Kiwango cha Afrika Mashariki ni usizidi asilimia 13.5. Mashine inafikiri kidogo, inaleta kumi na sita na kitu.

"Anika," anasema kijana. Basi. Hakuna "mzee wangu samahani", hakuna "umejitahidi sana". Wala hamuulizi kwa nini.

Mkulima atalalamika mpaka jua lizame, atasema mashine imechezewa, atasema vijana wa siku hizi hawakufunzwa. Lakini anaanika. Kesho yake turubai limetandazwa uwanjani na yeye mwenyewe yuko na fimbo anafukuza kuku. Sasa neno hilo hilo angeambiwa na mdogo wake wa tumbo moja, kwamba kaka mahindi yako mabichi, wangefikishana kwa mtendaji.

Jirani zetu watawa wa Abasia ya Hanga wamelipatia jambo hili utaratibu. Wao ni Wabenediktini, na Kanuni yao aliiandika Mtakatifu Benedikto kule Italia katika karne ya 6, sura 73. Sura ya 3 inamwagiza abate kwamba likitokea jambo zito awaite watawa wote, hata wale wadogo kabisa, kwa kuwa mara nyingi Mungu humfunulia mdogo lililo bora. Nimejaribu kulifikiria hilo katika ukoo wetu, kijana wa kidato cha pili akitoa maoni kuhusu shamba la babu mbele ya baba wakubwa. Asingefika kidato cha tatu. Ila iliyonishangaza zaidi ni sura ya 61. Inasema akifika mtawa mgeni kutoka mbali, akaona kasoro hapo nyumbani na akaisema kwa unyenyekevu na upendo, abate asimnunie. Alipime neno lake kwa busara, huenda Bwana alimleta kwa ajili hiyo hiyo. Mgeni! Kwetu mgeni akisema tu chai haijakolea, anasemwa kuanzia hapa mpaka Namtumbo, na anuani yake ikipatikana anafuatwa hata Songea.

Nawasifu watawa, lakini kujiunga nisingeweza. Kanuni hiyo hiyo inakataza manung'uniko, tena si mara moja. Hata pale divai inapokosekana, inawataka wamtukuze Mungu wasinung'unike. Mimi wangenitoa getini kabla ya masifu ya jioni.

Wazee wetu hawakuwa na Kanuni ya kuandikwa, wakaweka watani. Wangoni na Wahehe walichinjana miaka ya 1870 na mwanzoni mwa ile ya 1880 mpaka wote wakachoka, asipatikane mshindi wa kutamba. Mikuki ikawekwa chini, midomo ikabaki. Tangu hapo Mhehe ana ruhusa ya kumwambia Mngoni lolote na Mngoni hana ruhusa ya kukasirika, kama sisi Wangoni tunavyowauliza kila tukipita Iringa mbwa wao wote wamekwenda wapi. Na mahali pa kazi ya watani hasa ni msibani, wakati umelegea huna pa kukimbilia.

Mtani wangu mimi ni fundi cherehani, mtu wa Kilolo, yuko hapa Hanga miaka mingi ila ikija michango anasema yeye ni mgeni. Tulipomzika baba yangu mkubwa, jeneza limeshateremshwa, akachukua jembe akaliketia juu ya kifusi. Udongo haurudi, akasema, mpaka tuelewane. Tukadhani anataka hela tu.

"Marehemu hana shida," akasema. "Alikuwa Mngoni mzuri, kwa kadiri Mngoni anavyoweza. Shida yangu mimi ni huyu." Akaninyooshea kidole.

Akasimama. Akavuta miwani ya mtu mmoja pale karibu, akaishusha mpaka ncha ya pua. Akatia mkono mfukoni, akatoa karatasi iliyokunjwa, akaikunjua taratibu, akaikung'uta, akakohoa kikohozi changu. Kikohozi changu kabisa. "Ndugu waombolezaji," akasema, "sina mengi." Halafu akatia mkono mfuko wa pili, akatoa karatasi nyingine.

Watu walianza kujibana.

"Kila msiba huyu anatushukuru mpaka tunajuta kuja. Anamshukuru aliyeleta turubai. Anamshukuru aliyeleta maji. Anamshukuru aliyemsindikiza aliyeleta maji. Msimu uliopita mvua ilianza akiwa anashukuru, ikanyesha, ikakatika, jua likatoka, bado yuko kwa wapishi. Na daftari la rambirambi mmelisoma? Jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa, Bwana na cheo juu, mbele yake shilingi elfu mbili kwa herufi ndogo."

Hapo kaburini, mbele ya mwili wa baba yangu mkubwa, watu walicheka. Katekista alicheka. Padri aliinama kufunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa kandambili. Mama watoto alijaza upindo wa kanga mdomoni, mabega yakawa yanapanda na kushuka. Na shemeji, yule yule wa huruma mno, alilazimika kushikwa na watu wawili. Kicheko kile hakikuwa cha mshangao. Kilikuwa cha watu waliokaa na jambo kwa miaka mingi wakimsubiri wa kulisema. Mimi nimezunguka nyumba kwa nyumba nikiomba, nikajibiwa huruma na uchapakazi, kumbe kijiji kizima kilikuwa na kauli moja, kimeihifadhi vizuri, kimeikabidhi kwa mtu wa Kilolo.

Tena nililipa. Jembe lilikuwa limekaliwa, jua linakwenda, watoto wa marehemu wananitazama. Nikatoa elfu tano ya ushuru ili baba mkubwa afunikwe. Nataka ieleweke: elfu mbili yangu imetangazwa mbele ya kata nzima, na hii elfu tano haikuandikwa kwenye daftari lolote.

Jioni nilimvuta shemeji pembeni nikamuuliza, ni kweli shukrani zangu ni ndefu? "Shemeji, yule ni mtani tu, wanazidishaga," akasema. "Mimi ukiongea huwa sitaki umalize." Akaomba nimwongezee muda kwenye lile deni.

Basi na mimi haki yangu ninayo, utani ni wa pande mbili. Simwombei mtu mabaya, lakini misiba ipo, hata Kilolo ipo, na siku hiyo nitakuwepo hata kwa kupanda lori la mbao. Huyu fundi anajua tunavyomsema pembeni. Suruali ya Pasaka unaivaa Pentekoste. Mguu mmoja unagusa kiatu, mwingine unakitazama kwa mbali. Ukileta mita tatu za kitambaa, mtoto wake Jumapili ana kaptura ya rangi hiyo hiyo. Nimeyaandika yote, usiku, kwa utulivu, kwenye lile daftari la semina, kurasa ambazo hazikuchorwa magari.

Nilipomaliza nikampa mama watoto asome kwanza. Alisoma ukurasa wa mwanzo, akalamba kidole, akafunua, akatazama zilizobaki, akanirudishia.

"Ni mrefu," akasema. "Na hapa pa kuwashukuru wapishi pamefuata nini?"