Waraka kwa Wenye Maghala wa Kibaigwa

Waheshimiwa,

Naanza kwa kuwasifu, maana wilaya nzima ya Kongwa hakuna wapenda vipimo kama nyinyi. Gunia halipiti bila mizani, na mahindi yakizidi unyevu wa asilimia 13.5 yanarudi kuanikwa. Kwenu hakuna kukisia.

Ndiyo maana nashangaa kuona kuli anayelibeba gunia hilo anapimwa kwa macho tu. Akikohoa, mnampa paketi ya maziwa. Ukarimu huo tunaushukuru, ila maziwa huenda tumboni na vumbi liko mapafuni. Njia hizo mbili Mungu alizitenganisha kooni.

Kipimo chake kipo, wala si kipya: daktari John Hutchinson alikitangaza London mwaka 1846. Kinaitwa spirometa. Mtu hukaa wima, hubanwa pua, huvuta pumzi mpaka kifua kijae, kisha hupuliza kwenye mrija kwa nguvu zote mpaka hewa imwishie. Hurudia angalau mara tatu, maana mpulizo wa kivivu hudanganya. Majibu hulinganishwa na umri, kimo na jinsia yake. Ikiwa sekunde ya kwanza imetoa chini ya asilimia 70 ya hewa yote aliyopuliza, njia za hewa zimebana. Hapo huvutishwa salbutamol, husubiri dakika 15, hupuliza tena. Zikifunguka sana, yaelekea ni pumu. Zikigoma, huenda ni ule ugonjwa sugu wa mapafu unaoletwa polepole na sigara, moshi wa kuni na vumbi.

Matibabu hutegemea jibu hilo. Mwenye pumu huhitaji dawa ya kuvuta ya kutuliza uvimbe, si chupa ya dawa ya kikohozi kila mwezi. Nasema pia kisichowezekana: spirometa haitambui kifua kikuu. Hicho hutafutwa kwenye makohozi, tena kwanza, kabla mgonjwa hajapulizishwa. Na picha ya kifua inaweza kutoka safi huku mwenyewe anahema kwa gunia moja.

Mtasema kuli si mwajiriwa wenu, hulipwa kwa gunia. Hoja nzuri mbele ya Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayomtaka mwajiri apimishe afya za wafanyakazi wake. Vumbi, bahati mbaya, halisomi mikataba.

Sisi wa Kongwa tunajua gharama ya kuanza bila kupima. Mwaka 1946 wataalamu wa Kiingereza walizunguka nchi hii na za jirani wiki tisa tu kukagua ardhi ya karanga, wakaridhika. Mwaka uliofuata matrekta yakaja Kongwa kuilima. Mvua haikutosha, udongo ukakauka kama saruji, na mwaka 1951 mradi ukazikwa. Wao walipoteza mamilioni ya pauni, wakapanda meli kurudi kwao. Kuli akipoteza kifua, harudi popote.

Ombi langu ni dogo. Changeni, makuli wapimwe kabla ya mavuno, namba zao ziandikwe, na warudie kila mwaka, ili anayepungukiwa pumzi ajulikane kabla hajaanguka na gunia. Mizani yenu hukaguliwa na Wakala wa Vipimo. Anayeipandishia mzigo naye akaguliwe.

Wenu katika vumbi,
Jirani wa soko