Kopo la Maziwa Juu ya Kabati

Kazi yangu ni karatasi. Huu ni mwaka wa kumi na moja niko wakala wa forodha hapa Grande Barrière, mpaka ulio kando ya Ziwa Kivu kati ya Gisenyi na Goma. Wachuuzi wa nyanya na vitunguu wengi hupitia Petite Barrière, kule mitaa ya juu; huku kwetu hupita magari, misafara ya arusi, watu wa mashirika na malori. Lori likisimama mbele yangu nauliza maswali yale yale: umebeba nini, kimetoka wapi, kina uzito gani, aliyekifunga ni nani? Jibu lisipoonekana kwenye hati, lori linalala. Niliwahi kulilaza moja siku mbili kwa ajili ya katoni tatu za sabuni.

Mwaka 2024, katikati ya Julai, dawa isiyo na jina wala tarehe ilivuka mpaka huu ndani ya mkoba wa mke wangu, ikapita hatua chache kutoka dirisha langu, ikakaa nyumbani kwetu wiki tano. Nayasimulia haya kwa idhini yake. Ameniambia niandike yote, kwa sababu anawajua wanawake wengine wanne wenye pakiti kama ile.

Shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, alikuwa anaolewa Goma mwishoni mwa Agosti. Familia ikachagua kitenge cha sare, bluu yenye maua ya rangi ya dhahabu, na fundi akawapima akina mama wote mwezi wa sita. Mke wangu alirudi kutoka kwa fundi amenyamaza. Mwezi mmoja kabla ya hapo alikuwa amepimwa shinikizo la damu kwenye uchunguzi wa bure, likawa 142 kwa 91. Muuguzi akamwambia, "Mama, punguza kama kilo nane," kisha akamwita anayefuata. Hakuna aliyemweleza kilo nane zinapunguzwaje na mtu anayeamka saa kumi na moja alfajiri, anayepikia watu saba, anayekula mwisho kilichobaki kwenye sufuria. Mimi pia sikumweleza. Sikumwuliza hata alichoambiwa.

Watu wanaowacheka wanawake kwa kumeza vidonge hivi wananiudhi. Kwa wazee wetu, upande huu wa mpaka na ule, mwanamke mwenye mwili ni heshima ya nyumba: mumewe anamlisha, moyo wake umetulia. Mama yangu mpaka leo akimwona binti mwembamba huuliza kama anaumwa. Simu nayo imekuja na kipimo kingine, kiuno kama cha msichana wa miaka kumi na minane, na picha za arusi zinaanza kusambaa kabla wali haujapakuliwa. Mke mmoja anatakiwa ampendeze mama mkwe, aipendeze picha, na amtii muuguzi. Akitokea mtu akamwambia kuna kidonge kimoja cha asubuhi kinachomaliza tabu hiyo, nani atamlaumu kwa kunyoosha mkono?

Aliyemwambia ni mwanamke waliyesoma naye Goma, anayeuza nguo na vipodozi kwa simu. Pakiti moja ya vidonge, faranga elfu kumi na tano, ndani ya mfuko mdogo wa nailoni uliofungwa fundo. "Ni majani tu," alimwambia. "Hayana kemikali."

Na vilifanya kazi. Hilo nalo lazima lisemwe. Kijana mwenye mizani anayepima watu barabarani kwa faranga mia alimpa habari njema kila wiki: kilo mbili zimeondoka, kisha tatu, kisha tano. Njaa ilimwisha kabisa. Nilimwona akizungusha bugali kwenye sombe bila kuitia mdomoni, nikamsifu. Saa nane ya usiku nilimsikia jikoni akisugua masufuria yaliyokwisha kusuguliwa. Alikunywa maji usiku kucha kwa sababu mdomo ulimkauka kama amelamba majivu. Mara nne au tano kwa siku alikimbilia chooni. Nikadhani ni shughuli za arusi.

Wakati huo huo shemeji alihamia kwetu ili awe karibu na dada yake, naye akaja na vidonge vyake. Vyake vilikuwa vya kunenepa. Watu wa kwa bwana arusi walikuwa wamemwambia ni mwembamba mno kwa bibi arusi, na binti mmoja sokoni akampa aina mbili: kimoja cha kuleta hamu ya kula, kingine cha kujaza mashavu. Dada mtu anameza apungue, mdogo mtu anameza aongezeke, chini ya bati moja, na hakuna aliyejua siri ya mwenzake.

Wote wawili walificha mahali pamoja: kopo tupu la maziwa ya unga juu ya kabati la vyombo. Humo ndimo mama yangu alimokuwa akiweka vidonge vyake vya presha, ndani ya bahasha ya hospitali, hivyo kila mmoja alidhani vingine vyote ni vya mama. Kopo lile watoto hawalifikii, nami silifungui. Bahasha ya mama ilipochanika pembeni, vidonge vyeupe vikachanganyika na vyeupe vya shemeji.

Jumanne moja umeme ulikatika. Mama alipapasa kopo gizani, akameza viwili kama kawaida yake, akalala. Kesho yake saa nne asubuhi hajaamka. Tulimwita, akafumbua macho, akasema neno lisiloeleweka, akalala tena. Nilimbeba mgongoni hadi kwenye pikipiki nikiamini ni kiharusi. Zahanati walimpima hiki na kile, wakasema ni uchovu wa uzee, na jioni aliamka akiomba uji. Mke wangu na mdogo wake walikaa upande huu na upande ule wa kitanda chake siku nzima, kila mmoja akilifikiria kopo, kila mmoja kimya. Hapo ndipo ninapojiuliza mpaka leo: nyumba yangu ilikuwa na hofu gani hata watu wawili wanaompenda mama wakashindwa kusema?

Siku mbili baadaye mke wangu alikuwa anavuka kwenda Goma kujaribu nguo. Agosti hiyo Shirika la Afya Duniani lilikuwa limetangaza mpox kuwa dharura ya kimataifa, Goma ilikuwa na wagonjwa, na pale mpakani watu walinawa mikono na kupimwa joto kama enzi za Ebola. Alinawa. Aliponyanyua kichwa ili apimwe, aliushika mkono wa yule mhudumu wa afya akamwambia, "Dada, moyo wangu unakimbia," kisha akakaa chini, pale pale kwenye maji ya kunawia.

Mchukuzi mmoja alikuja mbio dirishani kwangu. "Mzee, mama watoto ameanguka."

Nilimkuta mhudumu yule amempigia magoti, vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, macho kwenye saa. Midomo ya mke wangu ilikuwa imepasuka kwa ukavu. Mshipa wa shingoni ulikuwa unaruka kwa kasi ambayo niliiona kwa macho nikiwa nimesimama. Kiatu kimoja kilikuwa kimemtoka, nami kwa sababu nisiyoijua nilianza kwa kumvisha kile kiatu.

Hospitalini moyo ulipiga mara 134 kwa dakika, shinikizo 171 kwa 104, na potasiamu kwenye damu ilikuwa chini sana. Daktari, kijana mpole, alinitoa nje kwanza. Akamwuliza mwenyewe swali ambalo mimi huwauliza madereva: umebeba nini? Mke wangu akamwambia. Shemeji, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaanza kulia, naye akasema vyake.

Nilirudi nyumbani kulichukua kopo. Nikalimimina kwenye sinia mbele ya daktari. Alitenga vyeupe vya mama. Vya shemeji alivitambua kwa maandishi yaliyochongwa juu yake: siproheptadini, dawa ya mzio inayoleta usingizi na kuongeza hamu ya kula, na deksamethasoni, dawa kali ya uvimbe. Vyote viwili ni dawa halali kwa wanaozihitaji, na watafiti wa Kinshasa wamekwisha kuandika kuhusu watu wanaovimeza ili wanenepe. Usingizi wa mama tukaujua ulikotoka. Deksamethasoni huvimbisha uso, hupandisha sukari na presha, na aliyeizoea akiiacha ghafla anaweza kuzirai, kwa kuwa tezi za mwili wake zimesahau kazi yao. Shemeji akaandikiwa namna ya kuipunguza kidogo kidogo.

Vya mke wangu vilikuwa vidonge vya ganda, nusu kijani nusu njano, bila herufi hata moja. Daktari alifungua kimoja juu ya kisahani. Unga wa kahawia ulinuka kama majani ya chai yaliyolowa, na ndani yake mlikuwa na chembe nyeupe zilizong'aa. "Majani hayang'ai hivi," alisema. Hakuweza kusema ni nini bila maabara. Alichojua ni kwamba mamlaka za dawa za nchi nyingi zimepima vidonge vinavyoitwa mitishamba ya kupunguza mwili, zikakuta vimechanganywa kwa siri na sibutramini, mara nyingine na dawa za kuharisha au za kukojoza. Za kuharisha na kukojoza huondoa maji na kuiacha potasiamu ivuje, na moyo bila potasiamu hupoteza mdundo wake. Sehemu kubwa ya zile kilo tano ilikuwa maji.

Sibutramini ilikuwa dawa halali ya kupunguza mwili zamani. Ulaya waliisimamisha Januari 2010, huko Marekani ikaondolewa sokoni Oktoba mwaka huo huo, baada ya utafiti wa watu karibu 10,000 wenye hatari ya maradhi ya moyo. Kati ya kila 100 waliomeza dawa, zaidi ya 11 walipata mshtuko wa moyo, kiharusi au mauti ya moyo. Waliomeza kidonge tupu walikuwa 10. Tofauti hiyo ni ndogo ukiisoma haraka. Kumbuka tu kwamba wale walipewa kipimo kinachojulikana, chini ya madaktari. Mke wangu alikuwa na presha, na kipimo chake kilikuwa mkononi mwa mtu asiyejulikana aliyejaza unga kwa kijiko.

Nilikaa usiku ule kando ya kitanda nikifikiria karatasi. Zina mpaka wake, najua. Huko Ufaransa dawa ya Mediator iliuzwa tangu 1976 hadi 2009, ikiwa na kila mhuri, kama dawa ya wenye kisukari, na wengi wakaandikiwa ili wapungue. Iliharibu vali za moyo na kuua mamia ya watu, mpaka daktari mmoja wa mapafu wa Brest, Irène Frachon, alipokataa kunyamaza. Mhuri haukuwaokoa wale. Lakini kwa sababu kila kidonge kilikuwa na jina, aliweza kuhesabu wagonjwa, na Machi 2021 mahakama ya Paris ikaitia hatiani kampuni ya Servier. Ningemshitaki nani mimi? Fundo la nailoni?

Zipo dawa za kweli za kupunguza uzito. Orlistati huzuia kama theluthi ya mafuta ya chakula yasiingie mwilini, na hutoka kwa namna ambayo mtumiaji ataijutia akila vya kukaanga. Semaglutaidi, sindano inayosifiwa sana siku hizi, hupunguza njaa kweli, ila ni ghali na inataka daktari. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu bandia zake. Daktari wetu hakumwandikia yoyote. Alimpa dawa ya presha, potasiamu, na siku tatu za kitanda.

Kopo tumelitupa. Kila dawa sasa iko kwenye boksi lake, jina la mtu limeandikwa juu, na mama anasomewa kabla ya kumeza. Vidonge vilivyobaki alivichukua daktari ili vifike Rwanda FDA, mamlaka ya chakula na dawa iliyoanzishwa mwaka 2018. Asubuhi mimi ndiye ninayeamka saa kumi na moja kuwaandaa watoto, naye anatembea barabara ya ziwani hadi jua lichomoze. Anakula nasi mezani, sahani yake ikipakuliwa ya kwanza. Anapungua kama kilo moja kwa mwezi, na presha imeshuka.

Dada yangu unayesoma hapa ukiwa na mfuko wa nailoni wa vidonge vya kupungua ndani ya mkoba: usimeze cha kesho. Upeleke hospitali kama ulivyo, na umwambie daktari kila ulichomeza. Nawe mume mwenzangu, mwulize mkeo muuguzi alimwambia nini.

Arusi ilifanyika Jumamosi iliyokuwa imepangwa, na mke wangu alivaa sare yake. Fundi alikuwa ameacha sentimita nne za akiba kwenye mishono ya ubavuni tangu mwezi wa sita. Aliifungua kwa nusu saa, akatoza faranga elfu mbili.