Hongera, Mwenyekiti

Wapo wanaosema Aprili si mwezi wa kuendesha baiskeli kundi zima kutoka Paje hadi Makunduchi. Watu wa midomo hao. Masika ya Unguja huanza Machi na kuisha Mei, kila mwaka, tangu enzi za mababu. Kwa hiyo asizuke mtu kusema mwenyekiti wetu alishtukizwa na mvua. Aliichagua.

Manahodha wa Oman walikaa miezi wakingoja kaskazi iwalete na kusi iwarudishe. Waoga. Wavuvi wa Jambiani nao siku hiyo walikuwa wameziburura ngalawa zao hadi juu ufukweni. Hawana roho ya michezo. Sisi tulikuwa na fulana za rangi moja.

Na mandhari, jamani! Tuliahidiwa maji ya rangi ya feruzi. Tuliyapata, tena hatukuyafuata baharini: yalikuwa barabarani, yakifika kwenye pedeli, rangi yake chai ya maziwa. Wanawake wa mwani, ambao riziki yao ni kushinda majini, walijikinga barazani wakatutazama kwa heshima kubwa, ile anayopewa mtu aliyelipa ili alowe.

Mwenyekiti alijitolea kuliko sote. Alikaa kwenye gari la msaada, vioo juu, kusudi kipaza sauti kisipate unyevu. Kila mmoja wetu alipotumbukia shimoni, alishusha kioo nusu akatuhimiza tutabasamu. Picha zimetoka nzuri. Kwa vile watu wamefurahi, safari ijayo imepangwa Novemba, vuli ikishakolea.