Transfoma ya Profesa

Wewe mwenzangu mwenye mke, watoto na mama mkwe chini ya bati moja, utanielewa. Hela ya luku ilikwenda kwenye mchango wa harusi ya shemeji, mita ikalia mpaka ikanyamaza, giza likaingia. Na sisi watu wa Bungu mto Rufiji ni jirani yetu; huko juu bwawa la Nyerere limejengwa kutoa megawati 2,115. Mama mkwe alitaka wati chache tu, simu yake ichaji.

Mama mkwe namwita Spika, kimoyomoyo, maana humu ndani bila ruhusa yake hasemi mtu. Alikuja kutoka Nyamisati kutusalimia mikorosho ikichanua. Korosho tumeshauza.

Kijana wangu, Profesa, akasema, "Baba, tulia." Akaleta betri ya sola ya volti 12, kiampli alichong'oa kwenye sabufa mbovu, na transfoma ya redio ya marehemu baba. Kazi ya transfoma hiyo ilikuwa kushusha volti 230 ziwe 12. Yeye akaigeuza, ampli akaifunga upande wa 12. Simu yangu ikachomekwa kwenye ampli, ikawekwa ingurume, mizunguko 50 kwa sekunde. Balbu aliyoifunga upande wa 230 ikamulika kwa shida. Kipimo: volti 75.

"Ampli inatoa volti 4 hivi, Baba. Zidisha mara 19. Na volti zikipanda, ampea zinashuka. Transfoma haizai umeme."

Binti yangu Kiherehere akaupokonya mngurumo nafasi, akaweka singeli. Balbu ikacheza. Halafu transfoma yenyewe ikaanza kuimba! Vibati vyake vinatetemeka, maneno unayasikia kabisa, kwa kisauti cha puani. Spika akasogeza mkeka.

Mngurumo ukarudishwa. Profesa akafunga na upande wa pili wa ampli, huu ukisukuma ule unavuta, volti zikafika 150. Hapo nikafukuza watoto, na kuku pia. Simu ya Spika ikaanza kula. Yangu, iliyobebeshwa kazi ya kunguruma, ikaanza kuzimia.

Mke wangu, CAG, alikuwa mlangoni na upawa mkononi.

"Baba Zuwena, volti 12 mnazipandisha mpaka 150, ili chaja izishushe ziwe 5?"

Akatoa chaja ya gari kabatini, akaibana kwenye betri. Simu ikachaji kimya. Mimi na Profesa tukatazama chini.

"Hiyo simu ichajini hukohuko," Spika akaamua. "Hicho kinachoimba msikiguse. Wekeni taarabu."

Profesa akaninyooshea mkono, anataka simu. Nikampa.